Hodi ya Baada ya Kuingia

Mwaka juzi nilikwenda kumtazama shangazi yangu katika kijiji kimoja cha mashariki mwa Unguja, nikamkuta anajitanda kanga kwenda mkutanoni. Sheha kaita watu. Nikafuatana naye, maana mkutano wa kijiji haukosi neno. Chini ya mti wa mkungu kulikuwa na meza, ramani kubwa iliyobandikwa kwenye ubao wa skuli, maofisa wawili kutoka mjini, na kijana aliyekuwa akipitisha daftari la mahudhurio. Kila aliyetia saini alipewa soda na pesa ya nauli, hata kama nyumba yake ilikuwa pale nyuma ya mkungu. Nami nikatia saini, nikanywa soda yangu.

Maandishi ya ramani yalikuwa ya Kiingereza. Palichorwa hoteli, bwawa la kuogelea, na mstari mwekundu ulioteremka mpaka majini, pale ambapo kina mama wa kijiji hupigilia mambo, yaani vijiti, na kufunga kamba za mwani. Zao hilo lilianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na wengi wa wanaolilima ni wanawake. Wageni wakaeleza, kwa adabu nyingi, kwamba wamekuja kusikiliza maoni ya wananchi. Lakini vigingi vya saruji vilikuwa vimeshachimbiwa wiki mbili nyuma, na watoto walikuwa wanavitumia kuwa magoli.

Bibi mmoja akasimama. "Wanangu, mmekuja kupiga hodi au mmekuja kuaga?"

Watu wakacheka. Mzee aliyekaa mbele akadakia kwamba sisi ndio wenyeji wa hapa, na mwenyeji huulizwa kabla. Ndipo ofisa mmoja, wala sidhani kwa ubaya, akamjibu: "Sasa mzee, wenyeji khasa ni nani? Wewe kwenu Tumbatu, huyu kwao Kojani, na yule babu yake kaja kuchuma karafuu kutoka bara." Mzee akanyamaza. Mkutano mzima ukanyamaza naye, na ramani ikaendelea kuelezwa.

Jibu lile lilimnyamazisha mzee lakini halikuwa jibu. Limewahi kutolewa Geneva, New York, London na Nairobi, na watu waliopewa jibu hilo, wale wanaoitwa watu wa asili, wamepigana nalo kwa zaidi ya miaka 100. Naona sisi wa visiwani tuna la kuchukua katika vita vyao, na tuna la kuliacha pia.

Nianze na la kuacha. Hapa kwetu swali la nani wa asili ni kidonda kilichofunga juu tu. Ukilichokoa utamkuta kwanza Mhadimu, mwenyeji wa kale wa Unguja, ambaye katika karne ya 19, mikarafuu ilipoingia na mashamba makubwa ya magharibi mwa Unguja kuchukuliwa, alijikuta amebaki na uwanda wa kusini na mashariki, ardhi ya mawe isiyokubali ila muhogo, mtama na uvumilivu. Mwinyi Mkuu wake, mtawala wa jadi, alikuwa bado na jumba lake Dunga, lakini nguvu zilikwishahama, na wa mwisho wao alifariki mwaka 1873. Ukichokoa zaidi utawakuta waliofanya kazi katika mashamba yale bila ujira, ambao hawakuja kwa hiari yao hata mmoja. Ukizidi utawakuta Waingereza na daftari zao za kuhesabu watu kwa asili, na jumuiya zilizoundwa kwa mfano huohuo: ya Waarabu, ya Wahindi, ya Waafrika mwaka 1934, ya Washirazi mwaka 1939. Wakati wa Vita vya Pili hata mgao wa chakula ulifuata asili ya mtu, na wapo waliogundua kwa ghafla kwamba babu zao walitoka ng'ambo, maana ng'ambo ndiko kulikokuwa na mchele.

Zama za siasa zikalichukua swali lile zikalitia moto. Juni 1961, katika ghasia za uchaguzi, waliuawa watu 68. Yaliyofuata Januari 1964 kila nyumba ina namna yake ya kuyasimulia, na nyumba nyingine haziyasimulii kabisa. Baada ya hayo sheria zetu zimekuwa na busara kuliko midomo yetu: kitambulisho tunachobeba mfukoni kimeandikwa Mzanzibari Mkaazi. Neno lililowekwa ni ukaazi, na hakuna kisanduku cha kuuliza babu alishukia bandari gani.

Kwa hiyo simlaumu Mzanzibari anayeisikia khabari ya "watu wa asili" ikipita redioni kila tarehe 9 Agosti, siku yao ya kimataifa, akaona haimhusu au, zaidi ya hapo, akaiogopa. Neno lenyewe kwa Kiswahili limekaa vibaya. Ukisema wenyeji, umemtenga mgeni. Ukisema wazawa, wa bara watakumbuka mabishano ya uzawa, ambapo neno hilo liligeuzwa fimbo ya kumpigia mfanyabiashara mwenye asili ya Asia. Ukisema watu wa asili, mtoto wa skuli atakuchorea mtu aliyevaa ngozi. Tunatafsiri neno, maana yake inabaki bandarini.

Basi tuufuate msafara wenyewe tuone ulikopita.

Mwaka 1923 chifu mmoja wa Wakayuga, Deskaheh, aliondoka Canada kwa niaba ya shirikisho la mataifa ya Haudenosaunee, akaenda Geneva kwenye Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa. Alisafiri na pasi iliyotolewa na watu wake mwenyewe. Alitaka jambo dogo, asikilizwe kuhusu serikali iliyokuwa ikiwavunjia utawala wao. Akakaa zaidi ya mwaka akipiga hodi. Uingereza ilihakikisha mlango haufunguki, na mwaka 1925 akafariki bila kupewa kiti.

Mlango ulipokuja kufunguliwa kidogo, mwaka 1957, ulifunguliwa na Shirika la Kazi Duniani, kwa nia ambayo leo inatia aibu. Mkataba Namba 107 ulizungumza juu ya kuwalinda watu hao huku wakisubiriwa wayeyuke katika jamii kubwa, kama sukari kwenye chai. Ilichukua miaka 32 kuligeuza wazo hilo. Mkataba Namba 169 wa mwaka 1989 ulikiri kwamba watu hao wana haki ya kubaki walivyo na kuulizwa yanayowahusu. Nchi zilizouridhia mpaka leo ni ishirini na kitu. Afrika nzima ni moja tu, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Tanzania haimo.

Lakini Mtanzania alikuwamo. Agosti ya mwaka huohuo wa 1989, Moringe ole Parkipuny, aliyekuwa mbunge wa Ngorongoro, alisimama Geneva mbele ya kikosi kazi cha Umoja wa Mataifa kilichoshughulikia mambo haya tangu 1982. Hakuna Mwafrika aliyewahi kuzungumza pale kabla yake. Alizungumza juu ya Wamasai na Wahadzabe, na dharau wanayoipata kutoka kwa Waafrika wenzao, katika nchi huru. Hapo ndipo palipokuwa pagumu kumezwa. Mpaka siku hiyo kilio cha watu wa asili kilikuwa kilio dhidi ya Mzungu aliyekuja na merikebu. Parkipuny alikileta uani kwetu.

Serikali za Afrika zikajibu kwa sauti moja: sisi sote ni wa asili. Jibu hilo tusilicheke, lina ukweli wake, na lina khofu ya kweli ndani yake, kwamba kila kabila litadai kinchi chake. Mwaka 2006, rasimu ya Azimio la Haki za Watu wa Asili ilipofika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, ni kundi la Afrika, Namibia ikiwa mbele, lililoomba isubiri. Kilichofungua njia ni Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyotoa ushauri wake mwaka 2007 na kuzitoa wasiwasi serikali. Tarehe 13 Septemba 2007 azimio likapita: nchi 144 zilikubali, Tanzania ikiwamo, 11 zikajizuia, Kenya ikiwamo, na 4 zikakataa. Hizo nne ni Marekani, Canada, Australia na New Zealand. Baadaye nazo zilibadilisha msimamo, lakini ile kura ya kwanza inasema mengi kuhusu nani hasa alikuwa na cha kupoteza.

Ningependa yule ofisa wa chini ya mkungu aisome kazi ya Kamisheni, iliyokuwa imeshaanza miaka michache kabla. Wataalamu wake walijiuliza swali lake lilelile, nani wa asili katika bara ambalo sote ni wa asili, na wakaona limeulizwa vibaya. Wakaweka mizani mingine. Je, watu hao wanajitambua wenyewe kuwa jamii yenye njia yake? Je, maisha yao yamefungamana na ardhi au maji fulani kiasi kwamba wakiondolewa jamii yenyewe inakatika? Je, wamesukumwa pembeni na wenye nguvu kwa sababu ya namna wanavyoishi? Katika mizani hiyo, swali la nani alitangulia halina kazi ya kufanya. Unaweza kuwa wa kwanza na usiwe na dhiki hiyo, na unaweza kuwa umekuja jana kihistoria ukawa nayo.

Wa visiwani tuna mfano wa hili katika bahari yetu wenyewe. Toka Unguja, elekeza chombo mashariki, karibu bila kupinda, na baada ya zaidi ya kilomita 3,600 utafika Diego Garcia, kisiwa kikubwa cha Chagos. Watu wa Chagos ni wajukuu wa watumwa waliochukuliwa Msumbiji na Madagascar na kupelekwa na Wafaransa kwenye mashamba ya minazi. Kabla yao hapakuwa na mtu. Wakazaa pale, wakazikana pale, wakawa na Kikrioli chao na kazi yao ya kutengeneza mbata. Ukiwatazama vizuri utaona sura ya jirani yako: historia yao ni mashamba, nazi, bahari na babu asiyejulikana kijiji alichotekwa.

Mwaka 1965 Uingereza ilivikata visiwa hivyo kutoka Mauritius kabla ya kuipa Mauritius uhuru, na mwaka uliofuata ikakubaliana na Marekani juu ya kambi ya kijeshi. Kambi ilitaka visiwa vitupu. Sasa utawaondoaje watu 1,500 hadi 2,000 bila kelele za Umoja wa Mataifa? Makarani wa London walipata njia: waandike kwamba pale hakuna wenyeji, ila vibarua wa mkataba wanaopita. Nyaraka zilizokuja kufichuliwa baadaye zinaonesha ofisa mmoja mwaka 1966 akiwafanyia mzaha kwa majina ya watu wa mwituni wa hadithi za Kizungu, akisema asili yao haijulikani. Kati ya 1968 na 1973 wote waliondolewa, wakatupwa Mauritius na Shelisheli. Mbwa wao waliuawa kwa moshi wa sumu kabla ya wenyewe kupakiwa melini. Nimesoma mambo mengi juu ya ukoloni wa bahari hii, na kwa sababu nisiyoielewa vizuri ni wale mbwa ambao hawanitoki akilini.

Tazama silaha iliyotumika. Ni ile ya chini ya mkungu: wenyeji khasa ni nani? Kwa sababu babu zao waliletwa, basi si wa pale, na kwa sababu si wa pale, hakuna wa kuulizwa. Kwa mantiki hiyo nusu ya Unguja na robo ya Pemba haina wenyewe.

Mwaka 2010 Uingereza ilitangaza maji ya Chagos kuwa hifadhi kubwa ya bahari isiyovuliwa. Matumbawe yakapata mlinzi, na wavuvi wa Chagos wakapata kufuli jingine. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa ushauri Februari 2019 kwamba Uingereza inapaswa kuviachia visiwa hivyo, na Mei 2025 Uingereza na Mauritius zikatia saini mkataba: mamlaka kwa Mauritius, Diego Garcia ikodishwe kwa miaka 99. Usiku wa kuamkia kutia saini, wanawake wawili wa Chagos walikimbilia mahakamani London wakisema hawakuulizwa. Wakapata zuio. Mchana wake likaondolewa, na kalamu zikafanya kazi. Serikali mbili zilikaa mezani kuzungumzia nyumba ya watu ambao walikuwa nje, barazani.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha juhudi zote hizi za kimataifa, na kiko katika neno moja: ridhaa. Azimio la 2007 lina ibara 46, lakini ukizikamua utabaki na hiyo. Watu wasihamishwe bila ridhaa yao ya hiari, iliyotolewa mapema, wakiwa na taarifa kamili. Mradi usiingizwe katika ardhi yao kabla ridhaa kama hiyo haijatafutwa. Mwanasheria ataandika kurasa 200 kuyafafanua maneno hayo. Mimi nilifundishwa chuoni, yaani madrasani, nikiwa na miaka sita. Ukifika mlangoni kwa mtu, unapiga hodi mara tatu. Ukiitikiwa, unaingia. Usipoitikiwa, unarudi, na huna haki ya kununa. Hodi inapigwa nje. Ukishakuwa ukumbini unatoa salamu tu.

Nguvu ya kuilazimisha hodi hiyo, hata hivyo, bado ni ndogo, na asije mtu akatudanganya. Mahakama ya Afrika, yenye makao yake Arusha, iliwapa ushindi Waogiek wa msitu wa Mau dhidi ya Kenya tarehe 26 Mei 2017. Kenya ilikuwa imejitetea, pamoja na mengine, kwamba Waogiek wamebadilika, hawaishi tena kama zamani, kwa hiyo hawana upekee wa kulindwa. Mahakama haikukubali. Hilo ni la kuhifadhiwa na kina mama wa mwani, kwa sababu kesho mtu atawaambia kwamba mwani umekuja 1989 na si jadi yao. Jamii kubadilisha kazi hakuifanyi ipoteze pwani yake. Juni 2022 mahakama hiyohiyo iliamuru Waogiek walipwe shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa machungu, na warudishiwe ardhi ya mababu. Novemba 2023 wengine wao walikuwa bado wanabomolewa nyumba.

Na sisi? Tanzania, nchi yenye mahakama hiyo ndani ya ardhi yake, ilijiondoa Novemba 2019 katika tamko lililomruhusu mwananchi kwenda pale moja kwa moja. Khabari za mwaka 2022, za Wamasai kuondolewa kwenye malisho ya Loliondo na wa Ngorongoro kuhamia Msomera, tulizisoma huku visiwani kama vile ni za nchi nyingine. Tulisema ni mambo ya Wamasai. (Wazungu nao wasijione. Norway, ya kwanza kuuridhia Mkataba 169, ilijenga mitambo ya upepo kwenye malisho ya Wasami, watu wa asili wa kaskazini ya Ulaya, huko Fosen. Mahakama yake ya Juu ikasema Oktoba 2021 kwamba haki zao zimevunjwa, na mitambo ikaendelea kuzunguka mpaka wakaishia kwenye makubaliano na wafugaji.)

Ipo khabari moja ya karibu zaidi inayonifurahisha na kunisumbua kwa pamoja. Wapemba waliokwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya ugenini, pwani ya Kenya katika karne iliyopita, wakaoa, wakabaki, walizaa watoto na wajukuu wasiokuwa na nchi. Kenya haikuwatambua, na huku kwetu walikuwa wameshasahauliwa. Mvuvi hodari wa Kilifi hakuweza kupata leseni ya chombo kwa kuwa hakuwa na kitambulisho. Julai 2023 serikali ya Kenya iliwatambua kuwa raia, kiasi cha watu 7,000, na Wapemba wakahesabiwa miongoni mwa makabila ya nchi ile. Nilifurahi. Kisha nikawaza: ili mtu apewe haki ya kuvua ilibidi kwanza awe kabila. Mpemba ni mtu wa Pemba, kama Mmakunduchi alivyo wa Makunduchi, na sasa kavuka bahari kawa kabila kwa sababu daftari la Kenya halina safu nyingine ya kumwandika. Ndiyo khofu yangu kwa Zanzibar tukiichukua lugha ya watu wa asili kama ilivyo. Tutaulizwa kabila, tutaanza kuhesabiana damu, na tumeshaona huko kunafika wapi.

Tuna njia nyingine, na tumewahi kuipita. Mvuvi wa Kojani anapokwenda dago kwenye pwani ya watu, desturi niliyosimuliwa na wazee ni kwamba nahodha hushuka kwanza, akamwona mwenye diko, yaani bandari ndogo ya wavuvi, akaeleza ana vyombo vingapi, nyavu gani, atakaa bamvua ngapi, yaani vipindi vingapi vya maji makubwa. Anaweza kukubaliwa, anaweza kuambiwa mwaka huu samaki wamepungua, nenda mbele. Mwenye diko haulizwi babu yake alitoka wapi. Anaulizwa kwa kuwa ndiye anayeishi na maji yale.

Misali nayo ni ushahidi. Kisiwa hicho cha magharibi ya Pemba kina kisa chake, kwamba Nabii Khidhr aliwaomba wavuvi msala wa kusalia, hawakuwa nao, akasema kisiwa chenyewe ni mithali ya msala. Miaka ya 1990 palizuka mpango wa kukikodisha kwa mwekezaji wa hoteli. Wavuvi wakapinga, na mpango ukafa. Mwaka 1998 Misali ikatangazwa hifadhi, na ni sehemu ndogo tu ya maji yake iliyofungwa uvuvi, kwa mpango ambao wavuvi walishiriki kuuweka. Hakuna aliyesimama mahakamani kuthibitisha kwamba mababu zake ndio wa kwanza kutia nanga pale. Lilitosha kwamba maji yale ndiyo riziki yao na kisa kile ndicho chao.

Hata huko Umoja wa Mataifa mlango wa aina hiyo umeshachongwa. Mwaka 2014 Shirika la Chakula na Kilimo lilipitisha mwongozo kuhusu wavuvi wadogo, unaotambua haki zao juu ya maji na fukwe wanazozitegemea. Desemba 2018 Baraza Kuu likapitisha azimio la haki za wakulima wadogo na watu wengine wanaofanya kazi vijijini, wavuvi wakiwamo, kwa kura 121 dhidi ya 8, huku 54 zikijizuia. Hapa ndipo penye nafasi ya Mtumbatu, Mkojani na mama wa mwani wa Paje, bila ya mmoja wao kudai kuwa wa asili kuliko jirani. Waliopigana miaka 100 kwa jina la watu wa asili wamewafungulia njia watu wengine wa ardhi na maji.

Wamewafungulia, lakini si yote. Lisome azimio la 2018 kwa makini na utaona kwamba pale ambapo watu wa asili wana ridhaa, mkulima na mvuvi wana mashauriano. Maneno hayo mawili yako mbali sana. Mkutano wa chini ya mkungu ulikuwa mashauriano, tena yasiyokosa soda.

Kwetu shida hii ina mzizi wa kisheria. Kwa Sheria ya Ardhi Namba 12 ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma iliyo chini ya Rais, na raia hupewa haki ya matumizi. Nia ya asili ya jambo hilo, tangu eka tatu tatu zilizogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi, ilikuwa kumlinda asiyekuwa nacho. Lakini inapofika siku ya fidia, kinachohesabiwa ni kinachoonekana: mnazi, mwembe, ukuta wa nyumba. Mama anayepigilia mambo kwenye mchanga unaofunikwa na maji mara mbili kwa siku hana mti wa kuhesabiwa. Ukimwondoa pale, katika vitabu hujamwondoa mtu. Na visiwa vidogo vilivyoanza kukodishwa kwa wawekezaji mwishoni mwa 2021 vingi viliitwa vitupu, kwa kuwa mvuvi anayelala hapo siku tano za dago haachi msingi wa nyumba.

Ningekuwa na sauti Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, ningeomba mambo ambayo hayahitaji mkataba wowote kutoka Geneva. Pwani ya mwani na dago viandikwe kuwa matumizi ya ardhi. Ramani ziandikwe kwa Kiswahili na zikae kwa sheha mwezi mzima kabla ya mkutano wa kwanza. Kigingi kikitangulia mkutano, mkutano uhesabike haukufanyika. Na shehia iwe na haki ya kusema hapana, hapana inayoandikwa na kufika mjini ikiwa bado ni hapana. Wapo watakaosema haya yatawafukuza wawekezaji. Huenda mmoja au wawili. Mwekezaji mwenye akili anajua gharama ya kujenga kando ya kijiji kilichonuna.

Na daftari la mahudhurio lisigeuzwe kuwa kitu kingine. Nasema hili kwa sababu miezi kadhaa baada ya mkutano ule, rafiki yangu mmoja alinionesha nakala ya ripoti ya mradi. Mwishoni palikuwa na kiambatisho, kichwa chake kikisema ni ushahidi wa ridhaa ya jamii ya wenyeji. Ilikuwa karatasi ya soda na nauli. Nikateremka na kidole, nikapita jina la shangazi yangu, nikapita jina la yule mzee aliyenyamazishwa. Namba 31 nilikuwa mimi, mtu wa Mji Mkongwe niliyekuja kutembea, na kwenye safu ya makaazi mtu alikuwa amenijazia jina la kijiji.